Kuhani kwa Kuchelewa

Kwetu huku mpakani, mtu aliyekosa mazishi hajasamehewa msiba; ameahirishiwa tu. Apitishe mwaka, apitishe kumi, siku atakayotia mguu mjini atapelekwa kwa wafiwa kabla hajapumzika vizuri. Atakaribishwa ndani, atatoa pole, kisha wafiwa wataanza upya kabisa: ugonjwa ulimwanzaje, nani alikuwapo, gari la nani lilimbeba, alisema nini mara ya mwisho. Hawafupishi. Mgeni naye hana ruhusa ya kusema hayo nilishayasikia. Hata kama alipigiwa simu saa ile ile, hata kama alitumiwa picha za jeneza kwenye WhatsApp, atasikiliza kama mtu ambaye habari imemfikia leo, na kama ni kulia atalia leo.

Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa ukatili. Mjane amekwisha kutulia, watoto wamerudi shule, halafu anatokea mtu na begi lake anawatonesha kidonda. Mimi ni mzee wa forodha, nimemaliza miguu yangu nikipitisha mizigo ya watu kati ya Tunduma na Nakonde, na kwa kadiri nilivyokaa misibani siafikiani nao. Mwaka jana nilipata sababu nyingine ya kutoafikiana nao.

Alitushukia mgeni. Ni rafiki yetu wa ujana, mzaliwa wa Nakonde, ambaye sasa hutengeneza divai Afrika Kusini, kwenye mashamba yaliyo nyuma ya milima ya Cape Town. Alikuja kwa ndege hadi Lusaka, kutoka hapo akapanda basi la usiku, kilomita elfu moja hivi, akafika miguu imevimba na suruali imekunjamana. Nilimpokea upande wa Zambia tukavuka pamoja. Wabadilisha fedha walimkimbilia na mabunda yao ya kwacha wakidhani ni mfanyabiashara. Aliwajibu kwa Kinyamwanga, wakaaibika wakacheka.

Kumwita mtu wa Nakonde mgeni wa kutoka nje ya nchi kunahitaji moyo. Asiyepafahamu hapa akishushwa sokoni hatajua yuko upande gani mpaka afike kwenye kulipa. Mstari wenyewe ulichorwa na watu ambao hawakuwahi kupakanyaga: tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin ule mkataba unaojulikana zaidi kwa Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, na humo humo wakagawana nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha maziwa hayo mawili, ikabaki kwa Waingereza. Wanyamwanga wakabaki pande zote mbili. Ndiyo maana rafiki yetu ana wajomba Momba na shangazi Isoka, na alisoma kwetu kwa sababu tu nyumba ya mjomba ilikuwa karibu na shule kuliko nyumba ya baba yake.

Aliyetuunganisha sisi wawili ni marehemu ambaye msiba wake ndio uliomleta mgeni huyu. Alikuwa utingo wa gari la mzee mmoja wa Vwawa lililokuwa likipeleka mahindi Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Safari moja akamchukua na huyu mwenzetu, aliyekuwa akizurura tu, akamwambia huko kuna vibarua. Kweli vilikuwapo, ila vya zabibu.

Zabibu za Dodoma zilianzia kwa mapadri wa Bihawana mwaka 1957. Misa haisomwi bila divai. Baadaye wafungwa wa gereza la Isanga wakalimishwa, serikali ikaingia na kampuni yake, Makutupora kukawa na kituo cha utafiti. Ile ardhi kame, ambayo wengine huidharau, huvunwa zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa haoti hata usingizini. Lakini vijana wetu walifika wakati mbaya. Kampuni ya umma ilikuwa inayumba, wenye mashamba walikuwa na zabibu zisizo na mnunuzi, na wengine waliiacha mizabibu ikauke. Utingo aligeuza na gari lake. Kibarua akabaki. Alitusimulia baadaye kwamba kilichomshika ni harufu ya juisi ilipoanza kuchemka yenyewe bila moto, na kwamba alikaa usiku mzima kando ya tangi akisikiliza.

Baada ya uchaguzi wa Afrika Kusini wa 1994 vijana wengi wa huku waliifuata barabara kwenda kusini, naye akaifuata. Divai ya kule ni kongwe: ya kwanza ilikamuliwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1659, na walioibebea maji mizabibu ile walikuwa watumwa, na baada yao vibarua, ambao kwa vizazi vingi wengine walilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai ile ile waliyoikamua, wakaharibika nayo. Mtu mweusi kusimama pale akiwa ndiye mtengenezaji ni jambo la juzi. Ntsiki Biyela, anayetajwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kuishika kazi hiyo, aliianza mwaka 2004, na kabla ya kwenda chuoni hakuwa amewahi kuonja divai. Rafiki yetu alipanda polepole zaidi: miaka ya kuvuna, miaka ya kuosha mapipa, miaka ya kumshikia taa mzungu anayeonja, mpaka siku moja akaulizwa yeye anaonaje.

Marehemu wakati huo alikuwa ameshapata leseni ya daraja E na gari la kuendesha. Alibeba shaba kutoka Zambia kwenda Dar es Salaam na kurudi na chochote kilichopakiwa. Kupitia kwake na madereva wenzake tuliendelea kuwa watu watatu. Mchele wa Kyela ulikwenda kusini kwa mkono wa dereva hadi kwa dereva mwingine. Chupa zilirudi zimeviringishwa kwenye blanketi nyuma ya kiti. Yeye mwenyewe hakuzinywa, akisema dereva anayekunywa anaendesha jeneza. Alizigawa kwa watu wa mizani, kwa wachungaji wasiosema, na kwangu.

Oktoba 2019 Marais Magufuli na Lungu walifungua kwa pamoja kituo cha huduma za pamoja hapa mpakani, ili gari likaguliwe mahali pamoja na kupita. Kwa mtu aliyekuwa amelala chini ya trela usiku mwingi kuliko kitandani kwake, ile ilikuwa sikukuu. Alikwenda na shati jipya. Hakupata mwaka mzima wa kuifaidi.

Ya mwaka 2020 tunayajua wote, lakini kila mahali palikuwa na mwaka wake. Kule Rasi, serikali ya Afrika Kusini ilifungia watu majumbani mwishoni mwa Machi na kupiga marufuku kuuza pombe. Mavuno yalikuwa ukingoni. Wakaruhusiwa kumaliza kukamua, kuuza hapana. Mwenzetu akabaki na ghala lililojaa. Kwetu, takwimu za mwisho za wagonjwa wa korona zilizotangazwa zilikuwa watu 509, kisha kimya. Nakonde wakapima wakakuta wagonjwa kwa makumi, na Rais Lungu akaufunga mpaka kuanzia tarehe 11 Mei. Ulifungwa siku chache tu. Malori yakajipanga kurudi nyuma kuelekea Mpemba, moja nyuma ya jingine, na madereva wakawa wanapika kando ya barabara. Marehemu alikuwa miongoni mwao, ila yeye alikuwa na bahati ya kuwa nyumbani: gari alimwachia utingo, akaja kulala kwa mkewe. Alfajiri akaanguka. Kiharusi. Hakufika siku ya pili.

Dada yake anakaa Nakonde, mahali ambapo ukipanda kichuguu unaona mabati ya Tunduma. Hakuzika. Njia za panya zilikuwapo, lakini doria nazo zilikuwapo, na mwili wake si wa kukimbia. Kwa hiyo ndugu aliye mwendo wa dakika kumi na rafiki aliye ncha ya bara walilikosa kaburi kwa namna moja, kila mmoja ameshika simu.

Tulizika kijijini Momba, haraka, watu wametawanyika shambani kama waliogombana. Kaya za Kinyamwanga na za Kinyiha zina pombe ya kimpumu kwa siku ya kuanua matanga: ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, unavundikwa, na siku yenyewe unawekwa chunguni unamiminiwa maji ya moto. Wazee hukizunguka chungu kimoja na mirija yao, na maji ya moto yakiisha huongezwa, mpaka ulezi uishe nguvu. Ni pombe isiyowekwa. Haina kesho. Nilivyoelewa mimi, ndiyo maana inatumika kwenye matanga: kilio nacho kinapewa mwisho, watu wanatawanyika, mjane anaanza kufagia uwanja wake. Mei ile wazee walikatazwa kuchangia chungu. Wakachotewa kwenye vikombe vya plastiki, kila mmoja akaenda kukaa chini ya mti wake, na kimpumu kikapoa mikononi. Mzee mmoja alimwaga chake akasema hii si pombe, hii ni dawa ya kifua. Sikuwahi kuona matanga yaliyoanuliwa vibaya namna ile, na tangu hapo nilikuwa na hisia kwamba hayajaanuliwa.

Ndipo mwaka jana tukaenda kula chakula cha jioni kwa mjane, Majengo.

Alikuwa amepika kama mtu anayelipa deni. Wali, ugali wa kukata kwa kisu, jogoo wa kienyeji aliyechemshwa tangu mchana, maharage ya Ileje, kisamvu cha karanga ambacho mgeni alikikaribia kama mtoto. Watoto wake wawili walikuwapo, na kijana aliyekuwa utingo wa marehemu, ambaye sasa naye ni dereva na ana kitambi cha dereva. Mgeni akafungua begi akatoa chupa. Aliishika kwa mikono miwili.

"Shemeji, hii ni kazi ya mikono yangu. Niliikamua mwaka ule ule."

Mjane ni Mmoravian wa kweli kweli, katika nyumba yake hata bia ya mgeni hainywewi. Mimi nilijua, nikakaa kimya kuona itakuwaje. Aliipokea kwa mikono miwili vilevile, akaisoma lebo yote bila kuelewa neno, akasema, "Ahsante, baba. Umemkumbuka." Akaiweka kwenye kabati la vyombo, kati ya chupa ya chai na picha ya harusi. Haikufunguliwa. Mtengenezaji wa divai akamiminiwa togwa.

Alilinusa kwanza, maana siku hizi hunusa kila kitu, hata sabuni ya kunawia. Akamwambia mjane kwamba kimea chake kimekaushwa juani, hakikupitishwa jikoni, na kwamba ulezi wenyewe ni mpya. Mjane akamtazama mtu huyu aliyetoka Nakonde kwenda ng'ambo kujifunza kumwambia hayo, akacheka. Nami nikacheka kwa sababu yake.

Baada ya kunawa tukaingia kwenye lililotuleta. Kwa kawaida mimi ndiye msimulizi wa msiba ule. Nilikuwapo, niliandika wasifu uliosomwa kaburini, na nimeurudia kwa wageni mpaka umepata mapigo yake: alfajiri, kuanguka, bajaji, hospitali, jioni. Nikakohoa nianze. Mjane akasema, "Leo ngoja niseme mimi."

Hadithi yake haikuwa yangu. Yangu inaanzia alipoanguka. Yake ilianzia jioni ya kabla, kwa turubai lililochanika. Marehemu alikaa mlangoni akilishona kwa sindano kubwa, mbali na taa, akikataa kusaidiwa. Alilalamika kwamba uzi hauonekani. Mjane alidhani ni giza. Sasa anajua kwamba jicho moja lilikuwa limeshaanza kuzima. Aliomba uji badala ya ugali. Aliuliza mara kadhaa kama redio imesema lolote kuhusu mpaka. Mimi haya yote sikuwa nimeyasikia, na nilikuwa nikiingia nyumba ile kila wiki.

Nilikaa nikijiuliza kwa nini. Jibu halikuwa mbali: hakuna aliyemuuliza. Sisi tuliokuwapo hatuulizi, kwa kuwa tulikuwapo. Kila mmoja anachukua kipande alichokiona, anakifunga, anadhani wenzake wana kipande hicho hicho. Mtu aliyekosa mazishi ndiye peke yake mwenye haki ya kuuliza maswali ya kijinga. Alikuwa amevaa nini? Uji aliumaliza? Turubai likoje sasa? Mgeni aliyauliza yote hayo. Mtu mwingine angeyauliza, ingekuwa utovu wa adabu. Kwake yeye ilikuwa ndiyo kazi aliyoijia, na mjane alijibu moja baada ya jingine, akiinua kichwa kidogo kidogo, kama mtu ambaye hatimaye ameulizwa na anayetaka kujua.

Kisha akafika kwenye lake.

"Shemeji, mimi nilipiga simu siku ile. Jioni ile ile ya turubai. Nilipiga tena na tena. Hakupokea."

Hapo nikaelewa uvimbe wa miguu haukuwa wa basi tu. Wiki chache kabla ya msiba hawa wawili walikuwa wamegombana kwenye simu. Ilikuwa hela, na hela yenyewe ilikuwa ya tairi: mmoja alidhani amekopesha, mwingine alidhani amesaidiwa. Rafiki yetu alipopata nafasi ya kuwaza, amefungiwa kule na mapipa yasiyouzika, akaona ni upumbavu, akapiga ili yaishe. Simu ikaita ikakatika. Asubuhi ya keshokutwa yake akapata ujumbe wa msiba. Kwa miaka yote hiyo ameamini kwamba mtu yule alikufa akiitazama namba yake na kukataa kuipokea.

Mjane akasema simu haikuwa nyumbani. Ilibaki kwenye gari, inachajiwa.

Tukageuka wote kumtazama kijana mwenye kitambi. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Mimi, mzee," akasema. "Niliiona ikiita. Namba inaanza na 27. Nikajua huyo bosi wa mzigo anauliza gari liko wapi. Sasa mimi nitaongea Kiingereza gani?"

Kimya kidogo, halafu mgeni alicheka. Alicheka mpaka akaondoka mezani akasimama uani, na kicheko kikabadilika huko nje, tukakiacha kibadilike. Mjane akaniambia nisimfuate.

Nimelitafakari sana jambo lile. Hakuna kitu cha teknolojia ambacho rafiki yangu alikosa. Picha za jeneza alipata, wasifu wangu alitumiwa, video ya watu wakiimba kaburini aliitazama mpaka bando likaisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingeweza kumwambia kwamba simu ilikuwa kwenye kebini na kwamba kijana wa Momba aliogopa Kiingereza. Habari hiyo ilikuwa hapa hapa Tunduma, kwa mtu anayepita barabarani kila siku, na ingekaa kwake mpaka naye afe, kwa kuwa hakujua kuwa ni habari. Ilihitaji watu watatu wakae meza moja: aliyepiga, aliyefiwa, na aliyeiangalia simu ikiita.

Ule wasifu wangu nao nimeurudia kuusoma. Nusu ukurasa. Tarehe ya kuzaliwa, ubatizo, shule, ndoa, ajira, ugonjwa, ameacha mjane na watoto. Umeandikwa kwa Kiswahili safi na hauna kosa. Unasema alizaliwa mkoa wa Mbeya na kufariki mkoa wa Songwe, na asiyejua kwamba Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 atadhani mtu huyu alihama. (Uwanja wa ndege uitwao Songwe, kwa kituko hicho hicho, uko Mbeya.) Turubai halimo. Wasifu ukisomwa mara moja kaburini na msiba ukafungwa pale, kitakachobaki cha mtu ni hicho hicho, nusu ukurasa.

Kesho yake tulikwenda kwenye kimondo cha Mbozi, kwa sababu marehemu alikuwa na tabia ya kuwapeleka huko madereva wageni bila kuwaambia wanakwenda kuona nini. Wengi humu nchini wanakijua kwa picha: bonge la chuma la tani 16 hivi, refu mita tatu, limekaa kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Wanyiha walilijua enzi na enzi kabla mzungu mpima ardhi hajaliripoti mwaka 1930. Jambo moja hunishangaza kila niendapo. Kitu kizito namna ile kilishuka kutoka mbinguni kwa moto na ngurumo, lakini sijawahi kukutana na mzee mwenye simulizi ya siku kilipoanguka. Labda hakukuwa na watu. Labda walikuwapo, wakasimuliana, kisha ikafika zamu ya kizazi ambacho hakikuulizwa. Chuma kipo, tani zote 16. Kisa chake hakipo.

Pale kwenye jiwe rafiki yangu alianza kunieleza mambo ya mapipa. Divai iliyo ndani ya pipa la mwaloni, alisema, hupungua hata kama hakuna anayeigusa; inapenya kwenye mbao inakwenda hewani, na pakibaki nafasi juu, hewa inaingia na kuichachua. Kwa hiyo mtu wa ghala hupita kila baada ya muda akiyajazia mapipa, divai kwa divai ile ile, na asipofanya hivyo anapoteza yote kwa sababu ya kidogo kilichotoka. Akanitazama nione anakokwenda. Nilikuona. Nikamwambia divai yake isitufundishe msiba, sisi tuna kimpumu. Akasema kimpumu chenu kilimwagwa chini ya mti. Sikuwa na jibu, tukarudi kwenye gari.

Bado nadhani nina haki kwa sehemu. Kazi yake imemzoesha kudhani kwamba kila kitu kinastahili kuwekwa, na kwamba miaka huongeza utamu. Si kweli kwa huzuni. Nimewaona wajane walioiweka ikawamaliza. Wazee waliotutungia matanga walijua kwamba kilio lazima kifike mahali kikome, watu warudi mashambani. Ila wazee hao hao ndio walioacha mlango wa nyuma kwa aliyechelewa, wakasema huyo aje wakati wowote na asimuliwe kama ni leo. Zamani niliudhani mlango huo umewekwa kwa huruma juu ya msafiri. Tangu jioni ile Majengo naona uliwekwa kwa ajili ya mjane.

Kabla hajaondoka, mjane alileta daftari la rambirambi la mwaka 2020, lile lile, jalada limeliwa na mende. Majina ni machache kuliko ilivyostahili mtu yule. Nusu ya daftari iko tupu. Mgeni akaandika jina lake chini ya jina la mwisho, na mbele yake, kwenye safu ya uhusiano, akaandika ndugu. Alitoa rambirambi kwa randi kwa sababu wabadilisha fedha aliwachekesha mpakani bila kubadilisha chochote. Mimi ndiye mweka hazina wa msiba ule na sikuwahi kuvuliwa cheo, kwa hiyo nilipiga hesabu nikaandika kwa shilingi. Wiki iliyofuata dada wa Nakonde alivuka na kikapu, akasema amesikia daftari limefunguliwa. Naye akakaa, na mjane akaanza tena kwa turubai.

Wewe unayesoma haya ukiwa Johannesburg, Muscat au Minneapolis, na kuna msiba wa nyumbani unaokudai: usitume pesa peke yake. Njoo. Usione aibu kwamba ni miaka mingi, wala usiseme hayo ulishayasikia. Uliza alivaa nini. Uliza simu ilikuwa wapi. Na siku hiyo ukalale mchana, maana utasimuliwa tangu mwanzo.